Uzi Unatoka Wapi

Babu yangu alipangiwa upasuaji wa ngiri mara tatu. Mara ya kwanza alilala bila kula, akaoga alfajiri, akavaa shati lake la kanisani, na saa tano asubuhi muuguzi akaja kumwambia arudi nyumbani Kasumulu: gozi zimeisha. Wiki tatu baadaye alirudi. Gozi zilikuwepo, lakini uzi wa kushonea wa saizi iliyotakiwa haukuwepo. Mara ya tatu gozi na uzi vyote vilikuwepo, ila dawa ya ganzi ya mgongo ilikuwa imetumika usiku kwa wajawazito wawili waliopasuliwa kwa dharura. Babu akashukuru, akachukua mfuko wake, akapanda gari kurudi mpakani.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wahudumu wake walikuwa wapole, na waliomrudisha walimrudisha kwa aibu.

Mara ya nne hakupangiwa na mtu. Ilikuwa Mei, watu wako mashambani wanavuna mpunga, na ngiri ikajinyonga usiku. Mjomba akatafuta gari. Shangazi akapewa karatasi yenye orodha ya vitu, akaenda kumgongea mwenye duka la dawa saa nane usiku: glovu, gozi, nyuzi, dripu, mpira wa mkojo. Babu alipona. Lakini kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa, ikabidi kikatwe, na upasuaji mdogo wa kawaida ukageuka kuwa mkubwa. Alikaa wodini karibu wiki mbili. Leo hanyanyui gunia, na mpunga wake anavuniwa na watu wa kulipwa.

Nilipokwenda kumwona, nilimkuta amekaa kibarazani, mguu mmoja juu ya kigoda.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mke wangu. Wewe si unasoma historia huko chuoni? Hebu niambie, huo uzi unatoka wapi?”

Nikamjibu haraka kwamba unatoka Bohari ya Dawa, Mbeya. Babu hakuridhika. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa ghala la mpunga la chama cha msingi, na swali la ghala hajibiwi hivihivi. “Sikuulizi unakaa wapi,” alisema. “Nakuuliza unatokaje huko mpaka unafika kwenye tumbo langu.”

Nimehangaika na swali hilo zaidi ya mwaka mmoja sasa. Haya ndiyo niliyoyapata.

*

Nianze na kopo la bati. Mama mmoja jirani yetu, mstaafu, alifanya kazi ya uuguzi katika vyumba vya upasuaji kwa karibu miaka thelathini. Nilipomuuliza kuhusu vifaa, kitu cha kwanza alichonieleza ni dramu: kopo la chuma la duara lenye matundu ubavuni na mkanda wa kuyafunga na kuyafungua. Mchana usio na kazi, wauguzi walikaa wakakata gozi na kuzikunja, wakazipanga ndani ya dramu, wakafungua matundu, wakaliingiza kwenye mtambo wa mvuke. Mvuke ukishapita, matundu yanafungwa, na gozi zinakaa safi hadi siku ya kazi. “Ukitaka kujua kama wiki itakuwa nzuri,” aliniambia, “hesabu madramu Jumatatu.”

Dramu hilo lina jina la mtu. Wapasuaji wa Ulaya waliliita kwa jina la Curt Schimmelbusch, daktari kijana aliyefanya kazi Berlin chini ya Ernst von Bergmann. Kabla yao, Joseph Lister alikuwa ameonyesha mwaka 1867 kwamba vidonda vikisafishwa kwa asidi ya kaboliki wagonjwa wengi zaidi wanapona. Von Bergmann na Schimmelbusch walikwenda hatua nyingine: badala ya kumwagia dawa kidonda, wakachemsha na kupitisha mvuke kila kinachokigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 njia yao ilikuwa imeshaandikwa na kuanza kuenea. Schimmelbusch alikufa mwaka 1895, akiwa na miaka 34.

Hapo ndipo tatizo la babu lilipozaliwa. Kabla ya mvuke, mpasuaji aliweza kufanya kazi na kisu chake na kitambaa chochote kilichokuwa karibu, na wagonjwa wakafa kwa usaha. Baada ya mvuke, upasuaji uligeuka kuwa kazi ya vitu vingi ambavyo lazima viwe safi, viwe tayari na viwe mahali pamoja kwa saa ileile. Daktari wa kliniki akikosa dawa moja, anaweza kuandika nyingine. Katika upasuaji, ukiwa na vitu kumi na tisa kati ya ishirini, huna theluthi mbili ya upasuaji wala robo tatu. Huna kitu. Babu alirudishwa mara tatu kwa vitu vitatu tofauti, na kila mara vingine vyote vilikuwepo.

*

Mwaka 1891, wakati Berlin wakishughulika na mvuke, wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky walifika ukanda wetu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamoravian nao walifika mwaka huohuo na kwenda kuanzisha kituo cha Rungwe. Hawakupita njia ya Dar es Salaam. Walipanda mto Zambezi kutoka baharini, wakaingia mto Shire, na walipofika kwenye maporomoko ambako meli haipiti, mizigo ikashushwa ikabebwa vichwani hadi upande wa juu. Kisha wakapanda meli tena na kulivuka ziwa lote hadi mwisho wake wa kaskazini. Kila chupa ya dawa na kila bunda la bandeji lilipita njia hiyo. Meli ya Wajerumani ya Hermann von Wissmann, ya mwaka 1893, nayo ililetwa vipandevipande kutoka Ulaya na kuunganishwa huku.

Katika safari kama hiyo, mtu anaagiza leo kitu atakachokihitaji mwakani. Anakisia. Akikisia kidogo, anaishiwa. Akikisia kingi, kinaharibikia kwenye joto na unyevu wa ziwa. Ukanda wetu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na mtu yeyote aliyewahi kuhifadhi mpunga Kyela anajua unyevu unavyofanya kazi. Mipira inanata, karatasi zinajikunja, chuma kinashika kutu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, kukisia kukageuka balaa. Tarehe 9 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kimevuka mto Songwe kilipigana na Waingereza Karonga, chini ya kilomita hamsini kutoka hapa nyumbani. Wajerumani walishindwa na kurudi kaskazini ya mto. Mei 1916 Waingereza chini ya Jenerali Northey walivuka upande huu na kuitwaa Neu-Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Majeshi yote mawili yalitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Upande wa Kenya na Dar es Salaam wameacha jina lao kwenye mitaa ya Kariakoo. Watu hao ndio waliokuwa mnyororo wa ugavi. Walibeba risasi, unga, machela na masanduku ya hospitali, na wengi wao walikufa kwa njaa na kuhara kuliko waliokufa kwa risasi.

Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limefungiwa bandari. Madaktari wake walifua bandeji na kuzitumia tena na tena. Taasisi ya Amani, Usambara, ilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti ya sinkona. Bandeji zilipokwisha kabisa, walijifunza kwa wenyeji namna ya kutengeneza kitambaa cha gome la mti wa miombo, wakawafungia majeruhi.

Nimesoma habari nyingi za vita hivyo, lakini inayonirudia kila ninapofikiria uzi wa babu ni ya ndege moja. Tarehe 21 Novemba 1917 ndege kubwa ya gesi ya Wajerumani, L59, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, iliondoka Jamboli, Bulgaria, kuelekea kusini. Ilibeba karibu tani 15 za mizigo kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck: risasi, dawa, vifaa vya tiba, pamoja na daktari. Haikutarajiwa kurudi. Waliopanga safari walikuwa wamefikiria mpaka matumizi ya mwili wake: kitambaa cha nje kingeshonwa mahema, na melimeli ya ndani ingekatwa bandeji. Ilivuka bahari ya Mediterania, ikavuka jangwa, na ilipokuwa magharibi mwa Khartoum usiku wa tarehe 23, redio ikaiambia igeuze. Berlin waliamini kwamba eneo la kutua lilikuwa limeshaingia mikononi mwa Waingereza. Ikarudi na kutua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 hewani na safari ya kama kilomita 6,800, ikiwa na bandeji zake zote.

Siku hiyohiyo, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma, akaishambulia kambi ya Wareno pale Ngomano na kujipatia silaha na mahitaji mengine kwa kupora.

Sina huruma ya pekee na jeshi hilo, ambalo lilikula chakula cha babu zetu na kuwabebesha mizigo. Ninachokitazama ni mzigo. Bandeji zilikuwepo, chombo cha kuzibeba kilikuwepo, na aliyezihitaji alikuwepo. Kilichokosekana ni habari ya kuaminika kati ya mwenye mzigo na mwenye kidonda.

*

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, kama 200 hivi, kwa hoja kwamba nchi maskini itatibu watu wengi zaidi ikinunua vichache vinavyofaa kuliko ikinunua kila kinachotangazwa. Kisha zikaja bei za mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na ukosefu wa fedha za kigeni. Wazazi wetu wanaukumbuka wakati ule kwa foleni za sabuni na sukari. Zahanati nazo zilikuwa na foleni bila dawa.

Mwaka 1983, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, ulianza mpango wa dawa muhimu uliojulikana kwa makasha yake. Kila zahanati na kila kituo cha afya kilipelekewa kasha lililofungwa, lenye dawa zilezile kwa idadi ileile. Lilikuwa jambo kubwa. Vijiji vilivyokuwa havijaona dawa kwa miezi vilianza kuziona kila mwezi, na kwa kuwa kasha lilifungwa tangu mwanzo wa safari, vilivyopotea njiani vilipungua.

Lakini kasha halina masikio. Zahanati ya bondeni kwetu, ambako malaria haipumziki, na zahanati ya milimani kwenye baridi zililetewa kasha moja. Mahali pamoja dawa ziliisha kabla ya mwezi, pengine zikarundikana hadi zikaharibika. Na vyumba vya upasuaji vya hospitali havikuwa sehemu ya makasha hayo. Hospitali iliendelea kuandika maombi yake na kusubiri.

Sheria Namba 13 ya mwaka 1993 iliunda Bohari ya Dawa, iliyoanza kazi mwaka 1994, na ikawa na bohari za kanda, moja ikiwa Mbeya. Katika miaka ya 2000 makasha yaliachwa polepole na nafasi yake ikachukuliwa na maombi: kituo kilihesabu kilichotumia, kikaandika kilichobaki, kikaagiza kwa robo mwaka. Baadaye fomu zikaingia kwenye kompyuta. Ilikuwa zamu ya kituo kusema na bohari kusikiliza.

Kusema kulihitaji kujifunza pia. Mwaka 2009 na 2010 vituo 129 katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vilijaribu kutuma kila wiki ujumbe wa simu wenye idadi ya dawa za malaria zilizobaki. Katika wiki 21, vituo visivyo na angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Hakuna kiwanda kipya kilichojengwa. Wilaya zilipojua nani ana nyingi na nani hana, zilihamisha.

Mwaka 2014 Dodoma ilianza mfumo ulioitwa Jazia, na jina lake linajieleza lenyewe. Kituo kinaagiza kwanza Bohari ya Dawa. Kile ambacho Bohari haina, kinanunuliwa kwa msambazaji mmoja binafsi aliyeshindanishwa na kuteuliwa na mkoa, kwa bei zilizokubaliwa kabla. Zamani kila kituo kilihangaika peke yake madukani. Mwaka 2018 mfumo huo ukaenea nchi nzima, wakati ambapo fedha nazo zilikuwa zimeanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilifurahi. Nikaona nimeshapata jibu la babu: uzi unatoka kiwandani, unapita Bohari au kwa msambazaji, unafika hospitali. Kila hatua ina karatasi yake.

Ndipo nikarudi kwa yule mama mstaafu, naye akacheka.

*

“Hiyo yote ni mpaka mlango wa stoo,” alisema. “Sasa niulize kuanzia mlango wa stoo mpaka mezani kwa mgonjwa.”

Alinieleza hivi. Stoo ya hospitali ina leja, na kila kitu kina kadi yake. Kikiingia kinaandikwa, kikitoka kinaandikwa. Lakini kinatoka kwenda wapi? Kinakwenda thieta, wodi ya wazazi, wodi ya majeruhi, mapokezi. Kwenye leja, paketi ya nyuzi iliyopelekwa thieta Jumatatu imeshatumika. Kwa kweli iko kabatini. Inaweza kukaa humo siku mbili au miaka miwili, na hakuna karatasi inayoijua.

“Na tulikuwa tunaficha,” akaongeza, bila kuona aibu. “Ukiishiwa mara moja mgonjwa yuko mezani, hutasahau. Siku stoo ikipata, unaomba mara mbili ya unachohitaji. Nyingine unaweka nyuma ya mashuka. Na wenzako wodi ya wazazi wanafanya hivyohivyo. Sasa stoo inaona vitu vinaisha haraka, inaagiza vingi, fedha zinakwisha, vitu vingine havinunuliwi. Mwisho wa mwaka tunafagia makabati, tunakuta nyuzi zimepita muda.”

Nilimuuliza kama anadhani siku babu aliporudishwa kwa kukosa uzi, uzi ulikuwepo mahali fulani ndani ya hospitali ileile. Alinitazama kwa muda. “Sikuwepo,” alisema. “Lakini ningekuwa mimi, ningeanza kutafuta kwenye kabati la jirani.”

Maneno hayo yalinisumbua kwa sababu chumba cha upasuaji ndicho kinachohesabu kuliko vyumba vyote vya hospitali. Kabla mgonjwa hajafungwa, muuguzi anahesabu gozi, sindano na vifaa kwa sauti, na visipotimia hakuna anayeshona mpaka kilichopotea kipatikane. Dunia nzima inahesabu hivyo, na Tanzania ina mchango wake. Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye mambo 19, ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane. Miji mingine ilikuwa kama London, Toronto na New Delhi. Mmoja ulikuwa Ifakara. Matokeo ya wagonjwa zaidi ya 7,600 yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Watu walisimama kidogo, wakaulizana maswali kwa sauti, wakahesabu.

Chumba hichohicho kinachojua mahali ilipo kila gozi ndani ya tumbo la mtu, mara nyingi hakijui zimebaki gozi ngapi kabatini. Hesabu ya kwanza ina mtu wa kuifanya, saa ya kuifanya na mamlaka ya kusimamisha kazi. Hesabu ya pili ni ya yeyote atakayepata nafasi, na muuguzi wa thieta hapati nafasi.

Yule mama alipoulizwa angefanya nini angepewa thieta leo, hakuomba kompyuta. Alitaja mambo manne. Kwanza, kila aina ya upasuaji iwe na karatasi yake: ngiri inahitaji hiki na hiki, kwa idadi hii, upasuaji wa uzazi unahitaji hiki na hiki. Mgonjwa anapoandikwa kwenye orodha ya wiki, vitu vyake vinatengwa siku hiyohiyo kwenye mfuko wenye namba yake, ili upungufu ujulikane siku nne kabla, mgonjwa akiwa bado nyumbani anakula ugali. Pili, kabati la dharura liwe na vitu vyake peke yake, lifungwe kwa lakiri, na lakiri ikikatwa mtu aandike kwa nini, ili wajawazito wa usiku wasitumie ganzi ya babu wa asubuhi wala babu asitumie ya kwao. Tatu, kinachokaribia kuisha muda kikae mbele. Nne, Ijumaa moja kila mwezi makabati yote ya wodi yafunguliwe mbele ya watu wa stoo, na atakayekutwa na ziada asigombezwe. “Ukimgombeza,” alisema, “mwezi ujao ataficha vizuri zaidi.”

Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na ganzi wa mwaka 2018 hadi 2025 uliitaja miundombinu, vifaa na taarifa miongoni mwa nguzo zake, na tangu 2017 vituo vingi vya afya nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji. Ni habari njema kwa mtu wa mpakani ambaye zamani angepakiwa kwenye gari hadi Mbeya, zaidi ya kilomita mia moja na milima katikati. Lakini kila chumba kipya kina kabati jipya. Tumeongeza milango, na nyuma ya kila mlango mtu ataweka akiba yake nyuma ya mashuka asipokuwa na sababu ya kuamini kwamba kesho vitakuja.

*

Mwezi uliopita nilirudi Kasumulu. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea daraja la Songwe, wabadilisha fedha wakipita na mafungu yao ya kwacha. Babu alikuwa kibarazani. Nikamweleza yote, kuanzia dramu la Berlin hadi kabati la jirani. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza hesabu za ghala, macho yamefumbwa.

Nilipomaliza alinieleza la kwake. Ghalani walikuwa na gunia moja walilolifunga kitambaa chekundu. Magunia matupu ya kufungashia yalipangwa kwa marobota, na robota la kumi kutoka chini ndilo lililofungwa kitambaa. Kijana yeyote, awe anajua kusoma au hajui, akifika kwenye kitambaa lazima aache kazi aje kumwambia karani. Karani anatuma mtu Kyela siku hiyohiyo. Marobota tisa yaliyobaki yalitosha mpaka mengine yafike, kwa sababu walishajua gari linachukua siku ngapi wakati wa kiangazi na siku ngapi wakati wa mvua. “Hatukuishiwa hata msimu mmoja,” alisema. “Msimu mmoja tu, daraja liliposombwa.”

Nikamwambia kwamba kwenye vitabu vya ugavi jambo hilo lina jina na fomula yake. Hakuonekana kushangaa.

Kisha akaniomba niingie ndani nimletee kisanduku cha mbao kilichoko chini ya kitanda chake. Ndani kulikuwa na cheti chake cha ubatizo, kadi ya chama, risiti ya duka la dawa ya ule usiku wa Mei, roli mbili za gozi na paketi tatu za uzi wa kushonea. Shangazi alinunua zaidi ya zilizohitajika, kwa hofu, na zilizobaki babu aliziweka. “Za yeyote atakayefuata,” alisema. “Wewe, mama yako, mtoto wa jirani. Safari nyingine hatutamwamsha mtu saa nane.”

Nikageuza paketi moja kwenye mwanga wa mlango na kusoma maandishi madogo ya pembeni.

“Babu, muda wake umekwisha.”

“Lini?”

“Mwezi wa tatu.”

Akanyoosha mkono, nikampa. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

“Kwa hiyo kulikuwa na mtu angeweza kuutumia,” alisema.

“Ndiyo, babu. Mpaka mwezi wa tatu.”